Je, Wajua? Radi Iliyolala Ndani ya Kamera Ndogo

Je, wajua kwamba kamera ndogo ya filamu, ile inayoingia mfukoni na kutumia betri mbili za kawaida, huweza kubeba volti nyingi kuliko soketi ya ukutani kwako?

Betri mbili kwa pamoja ni volti 3 tu, na hizo haziwezi kuwasha flashi. Kwa hiyo ndani ya kamera mna sakiti inayoupandisha umeme huo hadi karibu volti 300 na kuuhifadhi kwenye kapasita, kikopo cha mviringo kinacholingana na kipande cha kidole. Ule mlio mwembamba kama wa mbu unaousikia ukiwasha flashi ni wa kazi hiyo ikifanyika. Taa ndogo ikiwaka, kikopo kimejaa. Ukibonyeza, umeme wote unamwagika ndani ya taa ya flashi na kwisha kabla hujapepesa jicho. Linganisha na ukutani: soketi za Tanzania hutoa volti 230, za Kenya 240.

Wengi hawajui kwamba kuzima kamera hakukimwagi kikopo hicho, na kutoa betri hakukimwagi pia. Umeme unaweza kubaki humo siku kadhaa, hata wiki, ukimsubiri mwenye bisibisi.

Mimi nililijua hilo kwa mkono wangu. Mjomba wangu wa Tanga alipofariki, niliachiwa kamera yake ndogo iliyokuwa kabatini miaka mingi. Nikatia betri mpya, flashi ikaitika, lakini filamu haikusogea. Nikatoa betri, nikafungua skrubu nne nikiamini nimekata umeme. Shoti ilinirusha mkono mpaka bisibisi ikagonga ukuta wa pili, na ncha yake ina doa jeusi la kuungua hadi leo. Ingempata mtoto, au mtu mwenye moyo dhaifu, nisingekuwa nasimulia hivi. Kamera yenye flashi haifunguliwi nyumbani. Fundi wa kweli huimwaga kapasita kwanza kwa rezista, hupima, ndipo anapogusa. Hata zile kamera za karatasi za kutumia mara moja, ambazo watoto hupenda kuzibomoa baada ya filamu kutolewa, zikiwa na flashi zina kikopo kilekile.

Je, wajua kwamba kapasita hiyohiyo huchoka kwa kukaa bure? Tabaka jembamba la kemikali linaloizuia kuvuja hudhoofika lisipopata umeme kwa muda mrefu. Ndiyo maana mafundi hushauri flashi ichajiwe na kupigwa mara chache kila mwezi au miwili. Na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema kuhusu kamera hizi: kabati huziua nyingi zaidi kuliko mikono ya watu. Karibu kila ugonjwa wa kamera huanza siku ile ulipoiweka ukasema utaichukua kesho.

Chukua betri. Ikiachwa ndani mwaka mzima huvuja, na unga unaoota kwenye vyuma hukata njia ya umeme. Je, wajua kwamba uchafu huo una aina mbili, na dawa ya mmoja si dawa ya mwingine? Betri za alkalini huvuja majimaji makali ya jamii ya magadi, nayo hutulizwa kwa tone la siki au maji ya limau kwenye kijiti cha pamba. Betri za bei rahisi za zinki na kaboni, zile za redio, huvuja ute wenye asidi, nao hutaka maji yenye chembe ya magadi ya kuokea. Vaa glavu, usiguse jicho, futa kidogo kidogo, malizia kwa spiriti, acha ikauke kabisa.

Kuna pia vibetri vya kifungo, vinavyotumiwa na kamera kama Olympus XA. Kwenye nyumba yenye mtoto mdogo vihifadhi juu, ndani ya kisanduku kinachofungwa. Kibetri kilichokwama kooni kinaweza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili, kwa sababu mate yanakamilisha njia ya umeme. Mtoto akimeza, ni hospitali papo hapo, bila kungoja kuona kama kitatoka chenyewe. Nalisema kwa msisitizo kwa sababu kibetri hicho kinang'aa kama pipi.

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 ziliundwa kwa betri za zebaki zenye volti 1.35 ambazo hazikushuka mpaka siku zinapoisha. Zebaki ni sumu, na nchi nyingi zimezipiga marufuku. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1996. Ukitia betri ya leo ya volti 1.5 mahali pake, kipima mwanga cha kamera nyingi za aina hiyo hudanganyika na picha hutoka na kasoro ya mwanga. Ukiikuta ya zebaki humo ndani, usiitoboe wala kuitupa motoni.

Je, wajua kwamba ipo kamera isiyohitaji betri hata moja na bado inajipimia mwanga? Olympus Trip 35 ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984, na ziliuzwa kwa mamilioni. Kuizunguka lenzi yake kuna duara la vioo vidogo kama jicho la nzi. Nyuma yake ni seleni, madini yanayogeuza mwanga kuwa umeme. Mahali pakiwa na giza mno, ulimi mwekundu huchomoza ndani ya tundu la kutazamia na kamera hukataa kupiga. Sijui mashine nyingine inayosema "hapana" kwa adabu namna ile.

Na je, wajua kwamba kamera ya dukani iliwahi kuizunguka dunia angani? Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alizunguka mara tatu ndani ya chombo cha Friendship 7 akiwa na Ansco Autoset, kamera ya kawaida iliyotengenezwa Japani na Minolta, iliyonunuliwa katika duka la dawa huko Florida. Ilipendelewa kwa sababu ilijipimia mwanga yenyewe, nayo ikafungwa mpini kama wa bastola ili mkono wenye glavu nene uweze kuishika. Chini yake, Unguja palikuwa na kituo kimojawapo cha mradi wa Mercury kilichofuatilia safari hiyo na kuzungumza naye alipopita juu ya Afrika Mashariki.

Mkono ule wenye glavu unanikumbusha kasoro ambayo kila mwenye kamera ndogo ameionja. Tundu la kutazamia halipiti kwenye lenzi. Unaona bahari, unaona watu wamejipanga, kila kitu ni safi, kumbe kidole au mkanda wa kamera umeziba nusu ya lenzi, au kifuniko chake hakikutolewa, na hutajua mpaka picha zioshwe. Yoshihisa Maitani, mhandisi wa Olympus, aliitibu nusu ya tatizo hilo katika XA ya mwaka 1979: kifuniko chake huteleza pembeni, na kisipofunguliwa kamera haipigi kabisa. Hakuna kifuniko cha kupoteza wala cha kusahau. Kidole ni juu yako mwenyewe.

Sasa tuje pwani, kwa adui aliye mkubwa kuliko wote. Je, wajua kwamba ukungu unaoota kwenye mkate huota pia kwenye kioo cha lenzi? Haulishwi na kioo. Hula vumbi, mafuta ya vidole na gundi. Nyuzi zake hutanda kama utando wa buibui, na asidi inayotolewa nao huchimba ile rangi ya zambarau iliyopakwa juu ya lenzi. Ukungu ukishachimba, kuufuta hakurudishi kitu. Hustawi unyevu wa hewa unapopanda juu ya asilimia 60 hadi 70, na atokaye Mombasa, Tanga au Unguja anajua kwamba kwetu kiwango hicho ni cha kawaida tu.

Watu wengi huifungia kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi, wakidhani wameihifadhi vizuri. Ngozi hunywa unyevu na kuutunza, kwa hiyo umeilaza kamera kwenye blanketi bichi. Itoe. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na redio. Mchele, ambao wengi huutumia, huvuta unyevu kidogo na kumwaga vumbi jingi. Silika ikishiba unaikausha kwa moto mdogo na kuitumia tena, lakini chunga ile yenye chembe za buluu: buluu hiyo ni kobalti, ambayo ni sumu, hivyo isikaangwe kwenye chombo cha chakula. Tafuta ya rangi ya chungwa. Zaidi ya yote, itoe kamera nje mara kwa mara, ipate hewa na mwanga. Ukungu hupenda giza lisilosumbuliwa.

Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto la Forodhani kule Unguja, lenzi itatoa jasho papo hapo, na jasho jingine litatanda ndani usikoweza kufuta. Iache kwenye mfuko uliofungwa kwa nusu saa mpaka ipate joto la nje. Mchanga nao una adhabu ya haraka zaidi: chembe moja ikiingia kwenye mrija wa lenzi inayochomoza, inaweza kuikwamisha. Kwenye upepo wa ufukweni, kamera ya aina hiyo izime na kuifunga kabla ya kuiweka chini.

Je, wajua kwamba filamu ina nyama ya ng'ombe, kwa namna fulani? Chembe za fedha zinazonasa mwanga zimeshikwa ndani ya jelatini, inayochemshwa kutoka kwenye mifupa na ngozi. Kampuni ya Kodak ilisumbuka muda mrefu kwa nini jelatini nyingine ilitoa filamu kali na nyingine dhaifu. Mwanakemia wao, Samuel Sheppard, alipata jibu katika miaka ya 1920: ng'ombe waliokula mimea ya haradali walikuwa na chembe za salfa zilizoifanya filamu ihisi mwanga zaidi. Kwa kuwa jelatini ni chakula, mende nao huijua. Negativu zilizoachwa kwenye bahasha chini ya kitanda hurudi zimetafunwa pembeni, na za zamani zikianza kunuka siki, zitenge mara moja na nyingine, maana plastiki yake inaoza na mvuke wake huambukiza.

Joto huichosha filamu kabla hujaitumia. Dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam ni mahali pabaya kuliko pote. Friji ni pazuri, ila itoe saa kadhaa mapema na usifungue kikopo chake mpaka kipoteze ubaridi. Kwenye uwanja wa ndege, filamu isiwekwe kamwe kwenye begi linalopitishwa kuingia tumboni mwa ndege, kwa sababu mionzi ya huko ni mikali. Siku hizi hata mashine mpya za mizigo ya mkononi, zile zinazopiga picha ya pande zote kama za hospitali, huififisha filamu. Iweke kwenye mfuko wa plastiki unaoonekana ndani na umwombe ofisa aikague kwa mkono.

Ukifungua mlango wa nyuma kwa bahati mbaya, ufunge haraka wala usikate tamaa. Filamu imejizungusha tabaka juu ya tabaka, na zile za ndani huwa zimekingwa na za nje. Huenda ukapoteza picha chache tu.

Je, wajua filamu inaweza kungoja kwa muda gani? Mwaka 1897 Msweden Salomon August Andrée na wenzake wawili waliruka kwa puto kutoka Svalbard kuelekea Ncha ya Kaskazini, wakapotea. Mabaki yao yalipatikana mwaka 1930 katika kisiwa cha Kvitøya, na pamoja nao filamu zilizokaa barafuni miaka 33. Mtaalamu wa picha John Hertzberg aliziosha huko Stockholm, na kati ya picha 240 akaokoa 93. Puto lililoanguka linaonekana wazi, na watu wamesimama kando yake.

Tanga haina barafu. Kamera ya mjomba ilikuwa na filamu ndani, kihesabio kimesimama kwenye 22, na ndiyo maana nilitaka kuifungua siku ile ya shoti. Fundi mmoja aliitoa filamu hiyo ndani ya mfuko mweusi bila kuichungulia, nasi tukamweleza muoshaji umri wake kabla hajaigusa. Zilitoka tisa. Nane ni vivuli vya rangi ya chai, unakisia mlango, unakisia mtu. Ya tisa ina bahari na ngalawa upande wa kushoto, na upande wa kulia wote umezibwa na kidole chake gumba, kikubwa, kisichoonekana vizuri, lakini kovu la shoka alilolipata ujanani liko palepale.