Vumbi ya galeri: ordinatere inaona nini?

Ba ndugu, kisha baruti kulipuka, vumbi ile tunayoona inaanguka mbio. Mbaya ni ile hatuioni. Punje ya jiwe ya mikroni 5, hewa ikitulia, inashuka metre 2 kwa dakika karibu 16. Ya mikroni 1, saa kama 6. Hizo njo zinafika ndani kabisa ya mapafu.

Mainjenia wana programu, kama OpenFOAM: inakata galeri vipande vidogo-vidogo, inahesabu mwendo wa hewa, inafuata punje mpaka pale inaangukia. Kazi nzuri. Lakini inajua tu kile waliingiza. Waliandika tiyo ya hewa iko karibu na mwamba, na sisi tunaiona kule mbali? Picha ni bure. Delegasio sindikale ionyeshwe namba hizo, na vumbi ipimwe pale tunatoboa.