Beki Mdogo Afunzwe Kusubiri

Kelele za "Nenda! Nenda!" kutoka kando ya uwanja ndizo humponza beki mdogo: hurukia mpira, akapitwa. Wazazi na walimu wa Ainabkoi, mfunzeni mtoto amkaribie mshambulizi mbio, kisha apunguze mwendo zikibaki hatua 2 hivi. Akunje magoti, asimame kiubavu, macho kwenye mpira wala si kwa miguu ya mwenzake, na amzibie njia ya katikati ili aelekee pembeni, mbali na lango. Mpira ukiachana na mguu wa mshambulizi, auchukue. Kukwatua kwa kuteleza chini kungoje. Mvua ndefu ikinyesha viwanja vyetu hujaa tope, na vifundo vya miguu huumia. Anayepitwa asikaripiwe. Arudi mbio langoni.