Nyimbo Ziko Kwenye Faili, Maelezo Yake Yako Wapi?

Mwenye nyimbo mia mbili kwenye kompyuta hahitaji programu ya maktaba ya muziki. Folda chache zinamtosha. Zikifika elfu tano, mambo hubadilika. Nyingine zilitoka kwenye sidii, nyingine zilinakiliwa kutoka kaseti za baba, nyingine zililetwa na flashi ya jirani, na nyingine zimeingia kwa WhatsApp zikiwa na majina kama AUD-20210314-WA0007. Hapo ndipo iTunes, Winamp, foobar2000, MusicBee na MediaMonkey zinapoanza kupimwa, na watumiaji wake wanapoanza kubishana.

Ubishi huo mara nyingi huwa juu ya sura ya programu, kasi yake na ubora wa sauti. Hayo yana nafasi yake, ila lipo swali linaloyatangulia: unapoandika jina la mwimbaji, unaposahihisha mwaka, unapoupa wimbo nyota tano, kazi yako inahifadhiwa wapi? Inaweza kukaa ndani ya faili la wimbo wenyewe, katika sehemu inayoitwa tagi. Au inaweza kukaa kwenye kanzidata ya programu, faili la pembeni ambalo aghalabu programu nyingine haiwezi kulisoma. Sifa na kasoro nyingi za programu hizi zinatokana na chaguo hilo moja.

Tagi za MP3 zilianza kwa ubahili. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni mfumo wa ID3, ambao ulitenga baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na namba moja ya aina ya muziki. Andika humo “Remmy Ongala & Orchestre Super Matimila”, kama bendi hiyo ilivyotajwa kwenye albamu yake ya mwaka 1989, na nafasi itaisha mara tu baada ya “Super”. Matimila haiingii. Orodha ya awali ya aina za muziki ilikuwa na 80. Polka ilikuwemo, hata mizaha ilikuwemo, lakini taarabu haikuwemo. Mfumo wa pili, ID3v2 wa mwaka 1998, ulihamia mwanzoni mwa faili na kuondoa ufinyu huo, hata picha ya jalada ikapata mahali. Hata hivyo mafaili ya zamani bado yanazunguka, na baadhi yana tagi mbili zinazopingana. Ndiyo maana wimbo unaweza kuonekana sawasawa kwenye kompyuta, ukafika kwenye redio ya gari ukiwa na jina jingine.

iTunes, iliyozinduliwa na Apple Januari 2001 kutokana na programu iliyoitwa SoundJam MP, iliegemea kanzidata. Faida yake haipingiki. Ilimtoa msikilizaji kwenye folda na kumweka mbele ya nyimbo: unaandika herufi tatu, orodha inapungua papo hapo. Ilileta pia orodha zinazojijaza zenyewe kwa masharti, mathalani nyimbo zote za kabla ya 1980 ambazo hujazisikiliza mwezi huu. Gharama yake huonekana siku ya kuhama. Nyota ulizotoa na hesabu ya mara ulizosikiliza hukaa kwenye kanzidata, haziandikwi ndani ya wimbo. Na ukihamisha folda nje ya programu, unarudi kukuta alama ya mshangao kando ya wimbo: jina lipo, faili halionekani. Mafaili ya FLAC, yanayobana sauti bila kupunguza chochote, hayakupokelewa kabisa.

Kambi ya pili inawakilishwa vizuri na foobar2000, iliyotoka mwaka 2002 mikononi mwa Peter Pawlowski. Ni nyepesi, inakubali karibu kila aina ya faili, na inaiheshimu tagi kama chanzo cha ukweli. Kasoro yake ni ukavu: mgeni hukaribishwa na dirisha lisilo na mapambo, na mengi lazima ayapange mwenyewe. MusicBee imejaribu kuunganisha sifa za pande zote mbili, na inaweza kuandika hata nyota ndani ya faili, ila ni ya Windows tu.

Muziki wetu unazibana programu zote hizi mahali pamoja: wazo la “msanii” na “albamu”. Chukua bendi iliyoanza kama NUTA Jazz, ikawa Juwata Jazz, ikawa OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Kwa mpenzi wa dansi hiyo ni bendi moja. Kwa programu ni bendi nne zilizotawanyika kati ya J, M, N na O. Ukibadilisha majina yote yawe Msondo Ngoma umeziunganisha, lakini umefuta historia, kwa sababu rekodi ya Juwata ilitoka kwa jina la Juwata. Dawa ni kutumia nafasi mbili tofauti: kwenye “msanii” acha jina lililokuwa kwenye rekodi, na kwenye “msanii wa albamu” weka jina moja la kuzikusanya. Dawa hiyohiyo inatibu bongo fleva, ambako kila “ft.” inayoandikwa kwenye nafasi ya msanii huzaa msanii mpya orodhani, pamoja na mikusanyo ya bendi nyingi ambayo programu huikatakata vipande.

Wapo wanaotegemea kompyuta ifanye kazi hiyo. Programu ya Picard, inayotumia kanzidata ya wazi ya MusicBrainz, huweza kuusikiliza wimbo, kuutolea alama yake ya sauti na kuulinganisha na alama zilizokwisha kuwekwa na watu wengine. Kwa nyimbo zilizouzwa sana inafanya kazi nzuri. Kwa wimbo ulionaswa redioni kwenye kaseti miaka ya themanini huambulia patupu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuweka, au kaseti ilikimbia kasi kidogo na alama hailingani. Kwa hiyo usiiruhusu ibadilishe mkusanyo wote kwa mkupuo. Ipe folda moja, kagua, ndipo uhifadhi.

Kambi ya tagi nayo isijisifu kupita kiasi. Kila unaposahihisha neno moja faili hubadilika, na nakala ya akiba lazima ifanywe upya. Orodha ya nyimbo ulizozipanga kwa harusi haiwezi kukaa ndani ya wimbo mmoja. Hukaa kwenye faili la M3U linalotaja njia za folda, na ukibadilisha jina la folda orodha inavunjika. Mgawanyo wa haki, kwa maoni yangu, ni huu: yanayouhusu wimbo, yaani mwimbaji, mwaka, mtunzi na studio, yaandikwe ndani ya faili. Yanayomhusu msikilizaji, kama hesabu na orodha, yanaweza kukaa kwenye kanzidata, mradi programu ikuruhusu kuyatoa.

Kabla ya kuikabidhi programu nyimbo elfu tano, ijaribu kwa kumi. Sahihisha majina, weka picha, toa nyota, panga orodha moja. Kisha nakili nyimbo hizo kwenye flashi, zifungue kwenye kompyuta nyingine kwa programu nyingine, na uhesabu kilichofika. Kisichofika ni kile ambacho programu hiyo inakishikilia peke yake, na siku ikiacha kutengenezwa kitaondoka nayo.