Jinsi ya kuhifadhi hesabu za ziwa zisipotee bure

MNAMO Mei 2020, maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, Uganda, na kupita rekodi ya mwaka 1964. Ufuo wa Dunga, Kisumu, ulifurika, na wakazi wengi wa kandokando ya ziwa wakahama makwao.

Ili kukadiria hatari kama hiyo mapema, wataalamu hutumia programu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa ziwa: mvua, mito, mvuke na maji yanayotoka kupitia Mto Nile. Hata hivyo, matokeo yake hayana faida yasipohifadhiwa ipasavyo.

Ghuba ya Winam ina eneo la takriban kilomita mraba 1,400. Ikigawanywa katika miraba ya kilomita moja, na kina cha maji kikakokotolewa kila saa kwa mwaka mzima, hupatikana nambari zaidi ya milioni 12. Jedwali moja la Excel hubeba mistari 1,048,576 pekee.

Hapo ndipo lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, inapofaa. Kwa maagizo machache, kompyuta huandika matokeo diskini kila hesabu ya siku moja inapokamilika, kisha huifunga faili. Umeme ukikatika, kinachopotea ni hesabu ya siku hiyo tu, wala si ya mwaka mzima.

Aina ya faili nayo ni muhimu. Faili ya CSV hufunguka karibu katika kompyuta yoyote, lakini ni maandishi matupu. Faili ya netCDF hubeba nambari pamoja na majina, tarehe na vipimo vyake.

Maelezo hayo si pambo. Mita 13.42 za Jinja ni sawa na takriban mita 1,136 juu ya usawa wa bahari. Anayechanganya vipimo hivyo viwili hupotosha kila hesabu inayofuata. Mwaka 1999, Marekani ilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa nambari kwa vipimo vya Kiingereza ilhali nyingine ilitarajia vya metriki.

Kwa hivyo, kabla ya kuikabidhi faili, mtaalamu sharti aifungue upya na kuilinganisha na hesabu za awali. Afisa wa kaunti atakayeisoma miaka kumi baadaye hatakuwa na wa kumuuliza.