Chapati: Mgeni wa reli aliyegeuka mwenyeji Eastlands

JIONI ya Jumapili katika mitaa ya Kayole, Umoja, Dandora na Jericho jijini Nairobi, harufu inayotoka katika nyumba nyingi huwa moja: unga wa ngano unaokaangwa kwa mafuta.

Chapati imezoeleka mno Eastlands hivi kwamba mtoto aliyezaliwa Makadara akiulizwa ataje vyakula vya kwao, hataona ajabu kuitaja kando ya ugali na githeri. Hata hivyo, jina lenyewe ni la Kihindi. Aidha, bajia, sambusa, kachumbari, pilau na biriani, vyakula vinavyouzwa katika vibanda na mikahawa ya mitaa hiyo, vina asili yao ng'ambo ya Bahari ya Hindi au vilipitia huko.

Je, vyakula hivi vilifikaje katika mitaa ya wafanyakazi wa kipato cha chini? Na mbona chapati ya Eastlands haifanani na ile inayoletwa mezani katika mikahawa ya Kihindi kule Parklands na Ngara?

Jibu linapatikana katika historia ya reli, katika ubaguzi wa makazi wa enzi ya ukoloni na, zaidi ya yote, katika ubunifu wa watu waliolazimika kupika kwa kile walichokuwa nacho. Historia hiyo pia inaeleza ni kwa nini bei ya unga na mafuta inapopanda, chapati huwa miongoni mwa vyakula vya kwanza kutoweka mezani.

MILANGO MIWILI

Uhusiano wa pwani ya Afrika Mashariki na Bara Hindi ni wa karne nyingi. Majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi yalibeba wafanyabiashara, nguo, mchele na viungo. Ndiyo sababu pilau na biriani vilikuwa vyakula vya karamu Mombasa, Lamu na Unguja kabla Nairobi haijakuwapo.

Kwa upande wa bara, mlango mkubwa ulikuwa reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta takriban vibarua na mafundi 32,000 kutoka India, wengi wao wakiwa wa eneo la Punjab, kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walifariki wakiwa kazini. Wengi waliosalia walirejea kwao mikataba yao ilipokamilika, ila takriban 6,700 waliamua kubaki.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Watu hao walikuja na mazoea yao ya chakula: unga wa ngano, mchele, dengu, samli na viungo. Wenye maduka waliowafuata ndio waliohakikisha kwamba bidhaa hizo zinapatikana hata katika vituo vidogo vya reli.

Serikali ya kikoloni iliugawa mji kwa misingi ya rangi. Wazungu walitengewa maeneo ya juu ya magharibi na kaskazini. Wahindi walikaa Ngara, Pangani, Parklands na Eastleigh, nao Waafrika wakasukumwa mashariki, katika mitaa kama Pumwani, Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Wafanyakazi Waafrika wa reli walipewa vyumba Muthurwa na Makongeni.

Lakini mipaka hiyo haikuweza kuzuia harufu ya chakula. Eastleigh inapakana na Pumwani. Isitoshe, Waafrika walifanya kazi bega kwa bega na Wahindi katika karakana za reli, madukani na jikoni. Huko walionja, wakatazama, wakajifunza.

Mlango wa pili ulikuwa Pumwani kwenyewe. Mtaa huo, hususan sehemu ya Majengo, ulikuwa na Waislamu wengi na watu wenye uhusiano na pwani, ambao kwao pilau na sambusa havikuwa vitu vya kigeni. Hivyo basi, vyakula vya asili ya Bara Hindi viliingia Eastlands kutoka pande mbili: kwa Wahindi wa mjini na kwa Waswahili.

Hata unga wenyewe ulianza kutolewa humu nchini mapema. Mlowezi Lord Delamere alijaribu kilimo cha ngano Njoro, na kampuni ya kusaga nafaka ya Unga ilianzishwa mwaka 1908. Lakini ngano ilibaki kuwa ghali kuliko mahindi. Ugali ukawa chakula cha kila siku, nayo chapati ikawa chakula cha Krismasi, cha harusi na cha kumkaribishia mgeni. Wengi waliolelewa Eastlands katika miongo iliyopita wanakumbuka jinsi kila mtoto alivyohesabiwa chapati zake, na ole wake aliyeongeza bila ruhusa.

JIKO, CHUPA NA KIKAANGIO

Katika nyumba nyingi za Kihindi, chapati ya kila siku, ambayo pia huitwa roti, hutengenezwa kwa unga wa atta. Unga huo husagwa pamoja na maganda ya ngano. Chapati hiyo husukumwa iwe nyembamba na kuchomwa bila mafuta juu ya chuma bapa, kisha pengine hupakwa samli kidogo. Huliwa ingali moto.

Chapati ya Eastlands ni tofauti. Hutengenezwa kwa unga mweupe, hupakwa mafuta ndani, hukunjwa, husukumwa tena na kukaangwa. Kwa kweli inakaribiana zaidi na paratha, mkate mwingine wa Kihindi wenye matabaka.

Tofauti hii ina sababu zake. Unga mweupe ndio uliojaa madukani. Mafuta nayo huifanya chapati ishibishe zaidi, na huizuia isikauke upesi. Hilo ni jambo la maana kwa familia inayopika mara moja jioni na kubakisha nyingine za kunywea chai asubuhi.

Ufundi wake unaeleweka kisayansi. Protini za unga wa ngano zikikutana na maji huunda utando unaovutika uitwao gluteni. Kukanda huuimarisha utando huo. Kuuacha unga utulie kwa takriban nusu saa huulegeza, ndipo donge likubali kusukumwa bila kujirudisha. Mpishi anayeharakisha hatua hii hupata chapati ngumu, hata akiongeza mafuta kiasi gani.

Kisha donge husukumwa, hupakwa mafuta na kusokotwa kama kamba, halafu huzungushwa mfano wa gamba la konokono. Mafuta hayo hutenganisha tabaka moja na jingine. Chapati inapokutana na kikaangio cha moto, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke na kuyainua matabaka. Ndiyo maana chapati iliyopikwa vyema hufunguka ukiirarua.

Vyombo navyo vimekuwa vya kubuni. Asiye na kifimbo cha kusukumia hutumia chupa ya soda. Asiye na kibao husukumia juu ya meza au juu ya sinia iliyopinduliwa. Vikaangio vizito, makarai na majiko huundwa na mafundi wa Jua Kali wa Kamukunji, karibu na Gikomba, kwa kufua mabati na vyuma vilivyotumika.

Jiko la mkaa lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, lililoanza kusambazwa nchini miaka ya 1980, lilisaidia pia. Udongo huhifadhi joto, hivyo mkaa kidogo hutosha kupika chapati nyingi kwa moto usioyumba. Hata hivyo, mkaa unaowaka ndani ya chumba kisicho na dirisha wazi hutoa hewa ya kaboni monoksaidi inayoua bila harufu. Ndiyo maana ni busara kupikia mlangoni au uani.

Unga unapokuwa haba, wapishi huchanganya na malenge, viazi vitamu au karoti zilizochemshwa na kupondwa. Si suala la rangi tu. Malenge huleta maji, wanga na utamu, hivyo unga kidogo hutoa chapati zaidi, tena laini. Kwa upande mwingine, unga wa mahindi ukizidi huiharibu chapati kwa kuwa hauna gluteni, na donge hupasuka linaposukumwa.

KULA NJE

Kwa mkazi wa Eastlands, kula nje hakumaanishi lazima kwenda mkahawani wenye vitambaa mezani. Mara nyingi humaanisha kibanda cha kando ya barabara ambapo chapati huuzwa kwa maharagwe, au kwa ndengu, zile ambazo Watanzania huziita choroko. Vijana huagiza "chapo madondo" au "chapo dengu", na mpokeaji haulizi zaidi.

Pembeni kuna bajia za viazi zilizopakwa unga wa dengu, sambusa za nyama, na mayai au soseji zilizopasuliwa na kujazwa kachumbari. Katika nchi jirani ya Uganda, chapati iliyokunjiwa mayai na mboga ndani huitwa rolex, na imekuwa miongoni mwa vyakula vinavyojulikana zaidi vya mitaa ya Kampala.

Eastleigh imeongeza ladha nyingine. Wahindi wengi walihama mtaa huo baada ya uhuru, na idadi ya Wasomali ikaongezeka sana baada ya serikali ya Somalia kuporomoka mwaka 1991. Mikahawa yao huuza wali wenye viungo, nyama ya ngamia na sabaya, mkate wa matabaka ambao mkazi wa Kayole angeutambua mara moja kuwa ndugu ya chapati.

Biashara hii ya ladha haikwenda upande mmoja. Wahindi wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 walikwenda na vyakula vya huku. Katika eneo la Wembley jijini London, familia iliyotoka Kenya ilifungua mkahawa wa Maru's Bhajia House miaka ya 1970, na bajia zake za viazi zikapata sifa. Muhogo nao huuzwa katika mikahawa ya Kihindi ya Uingereza kwa jina la "mogo", ukiwa umekaangwa kwa pilipili. Wateja wengi huko hawajui kwamba neno hilo ni la Kiswahili.

HESABU YA UNGA

Pakiti ya unga ya kilo mbili hutoa takriban chapati 20 hadi 25, kutegemea ukubwa. Kwa familia ya watu sita, hiyo ni jioni moja na chai ya asubuhi. Hesabu hiyo huvurugika kwa urahisi kwa sababu viambato viwili vikuu, ngano na mafuta, hutegemea mno masoko ya nje.

Kenya hukuza ngano Narok, Uasin Gishu, Nakuru na Meru, lakini sehemu kubwa ya inayotumika huagizwa kutoka ng'ambo. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, nchi mbili ambazo huuzia dunia ngano kwa wingi zilijikuta vitani. Mwaka huo bei ya pakiti ya kilo mbili ilipita Sh200 katika maduka ya Nairobi.

Mafuta nayo yalipata pigo lake. Mengi ya mafuta ya kupikia nchini hutokana na mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Indonesia ilipiga marufuku uuzaji wa mawese nje kuanzia Aprili 28 hadi Mei 23, 2022, wakati bei zilikuwa tayari juu.

Athari zilionekana mitaani. Mwenye kibanda anapobanwa na bei huwa na njia tatu: kupandisha bei, kupunguza ukubwa wa chapati, au kupunguza mafuta. Mteja huona upesi. Nyumbani, mafuta hununuliwa ya kupimiwa na unga wa nusu kilo, na chapati hurudi kuwa chakula cha mwisho wa mwezi.

Si ajabu basi kwamba chapati imeingia katika siasa. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa Dishi na County, ambapo mwanafunzi wa shule ya umma hulipa Sh5 kwa chakula cha mchana. Machi 2025, akizuru Nairobi, Rais William Ruto aliahidi kusaidia kununua mashine ya kupika chapati milioni moja kwa siku kwa ajili ya wanafunzi hao. Wapo walioicheka ahadi hiyo, na wapo waliouliza iwapo hilo ndilo hitaji kuu la shule. Lakini waliocheka na walioshangilia walielewa kwa nini ni chapati iliyotajwa, wala si ugali. Kumpa mtoto chapati siku ya kawaida ni kumwambia kwamba hali imekuwa nafuu.

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Jamii ya Wakenya wa asili ya Asia ilitambuliwa rasmi na serikali kuwa kabila la 44 la Kenya Julai 2017, miaka 118 baada ya reli kufika Nairobi. Chapati haikungoja tangazo la serikali. Ilikuwa imeshapata makao katika vyumba vya Muthurwa, Kaloleni na Jericho, mikononi mwa wapishi walioibadili hadi ikawa yao.

Kinachosalia ni iwapo wataendelea kuimudu. Nchi inayoagiza sehemu kubwa ya ngano na mafuta yake haiwezi kumhakikishia mzazi wa Dandora bei ya Jumapili ijayo. Hadi hali hiyo ibadilike, malenge yataendelea kupondwa ndani ya unga, na chapati zitaendelea kuhesabiwa.