Mifupa Ina Wenyewe

Akiolojia ni elimu inayochunguza maisha ya watu wa zamani kwa kuchimba vitu walivyoacha ardhini: vyungu, zana, mapambo, na mara nyingine makaburi yao. Kwetu, ambako mengi hayakuandikwa, elimu hiyo imetufaa sana. Mwaka 1957 na 1958 watafiti walifukua makaburi kule Sanga, karibu na Ziwa Kisale katika Katanga. Kwa makaburi hayo na mengine ya bonde la Upemba, tunajua leo kwamba watu wa huko walikuwa mafundi wa chuma na shaba karne nyingi kabla Mzungu hajafika.

Lakini kaburi si shimo la madini. Aliyelala ndani ana wajukuu na vitukuu. Basi chuo kikuu kikiwa na mifupa ya watu, nani mwenye neno la kwanza juu yake? Jambo lililotokea Afrika Kusini linatusaidia kujibu.

Mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Cape Town kilikagua mifupa kiliyokuwa kikiihifadhi, kikaona kwamba ya watu 11 ilipatikana kwa njia isiyo ya haki. Tisa kati yao walitoka karibu na Sutherland, mji mdogo katika nchi kavu ya Karoo. Walikuwa watu wa asili ya Wasan na Wakhoe, na majina ya baadhi yao yalijulikana, kama Cornelius Abraham, Klaas Stuurman na Saartje. Katika miaka ya 1920, mwanafunzi mmoja wa udaktari, ambaye jamaa yake ilikuwa na shamba huko, alifukua makaburi ya shambani na kupeleka mifupa chuoni. Ndugu za marehemu hawakuulizwa.

Chuo kingeweza kufunga makabati na kunyamaza. Badala yake kiliwatafuta wazao kule Sutherland, wakapatikana jamaa za Stuurman na Abraham. Kiliwaeleza habari yote, kikakiri kosa, kikawauliza wanataka nini. Wao walitaka mambo mawili: wazee wao warudishwe wazikwe kwa heshima, lakini kwanza sayansi iwaambie watu hao waliishi namna gani.

Kwa ruhusa hiyo wataalamu walipima mifupa na meno, wakasoma chembe za urithi. Waliona alama za maisha ya kazi ngumu. Wataalamu wa Liverpool, Uingereza, walitengeneza picha za sura zao, na wazao wakatazama nyuso za mababu ambao hawakuwahi kuwaona. Kisha, Novemba 2023, karibu miaka mia moja baada ya kufukuliwa, wote tisa walizikwa Sutherland.

Angalieni utaratibu wake. Kwanza ukweli wote, pili swali, tatu ruhusa, nne matokeo kurudi kwa wenyewe. Sayansi haikupoteza kitu kwa kungoja ruhusa. Ilijibu maswali ambayo wazao wenyewe walikuwa nayo moyoni.

Wako waamini watakaosema kwamba kushughulikia mifupa ya wazee ni kurudi kwenye mizimu. Tusichanganye mambo. Yusufu aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri. Musa aliichukua, na ikazikwa Shekemu. Daudi alikusanya mifupa ya Sauli, mtu aliyemwinda ili amuue, akaizika katika kaburi la baba yake. Hawakuabudu wafu. Walimheshimu mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Jambo hili linatugusa sisi pia. Desemba 1884, watu wa Émile Storms, afisa Mbelgiji aliyekuwa na kituo Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, walimwua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na ya machifu wengine wawili, Maribu na Mpampa, yakaishia katika taasisi ya sayansi Bruxelles. Hayo hayakuchimbwa kaburini, yaliibwa vitani. Lakini swali ni lile lile: wazao wao wameulizwa nini?

Ndugu, kuna kazi tunayoweza kuanza katika parokia zetu. Wazee wanajua makaburi ya kale yaliko na majina ya waliolala humo. Yaandikwe kabla wazee hao hawajaondoka. Na watafiti wakija, tuwapokee vizuri, kisha tuwaulize mbele ya chifu na wenye makaburi: Mnatafuta nini? Vitu mtakavyovipata vitakaa wapi? Mtarudi lini kutueleza mliyoyaona, kwa lugha tunayoielewa? Mtafiti mwema hatakasirishwa na maswali hayo. Kule Sutherland kazi nzuri ilianza siku wazao walipoulizwa.