Ulezi wa waandishi: ulikotoka, na kwa nini Kiswahili kiliachwa nje

Kila baada ya miezi kadhaa tangazo la aina moja huzunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp hapa Uingereza: waandishi chipukizi wa Kiafrika wanatafutwa, kila atakayechaguliwa atapewa mwandishi mzoefu wa kumlea peke yake, miezi sita au mwaka mzima, bure. Watu hulisambaza kwa furaha. Halafu mmoja huuliza kama anaweza kutuma kazi ya Kiswahili, na kundi zima hunyamaza, maana jibu linajulikana. Makala hii naiandika kwa ajili ya huyo anayeuliza. Mpango wa mwandishi mmoja kumlea mwenzake mmoja una historia ndefu, na sehemu muhimu ya historia hiyo imepita Afrika Mashariki. Ukiifuatilia utaona kwamba mlango huu haukufungwa jana.

Tuanzie Chuo cha Makerere, Juni 1962. Waandishi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika wamekutana Kampala, na miongoni mwa wanaohudhuria yumo mwanafunzi wa chuo hichohicho, James Ngugi, ambaye baadaye ulimwengu utamjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Kilichompa nafasi ya kuingia ni hadithi fupi chache za Kiingereza alizokwisha kuchapisha. Chumbani mwake ana mswada wa riwaya. Anauchukua na kumkabidhi Chinua Achebe, ambaye riwaya yake Things Fall Apart wakati huo ilikuwa na miaka minne tu tangu itoke. Achebe akausoma, ukafika kwa wachapishaji wa Heinemann, na mwaka 1964 ukatoka kwa jina la Weep Not, Child.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati ya kijana. Mimi naona kazi ya mtu mzima. Mtu ametoka Nigeria kwa ajili ya mkutano, ameshinda kwenye mijadala, analetewa rundo la karatasi na mwanafunzi asiyemjua, naye anakaa kulisoma. Na hakuishia hapo. Kwa miaka kumi Achebe alikuwa mshauri wa mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, bila mshahara, akisoma miswada ya watu huku na yeye akiwa na vitabu vyake vya kuandika. Ukiuliza fasihi ya Kiafrika ya Kiingereza ilipandaje haraka vile miaka ya sitini, jibu mojawapo ni hilo: palikuwa na mtu anayesoma.

Lakini tazama ni nani alikuwa nje ya ukumbi. Mkutano ule uliitishwa rasmi kwa ajili ya waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, insha, tenzi, wasifu na hadithi kwa Kiswahili kwa miaka mingi, hakuwa na sifa ya kuketi pale. Alifariki mwezi huohuo wa Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulisema jambo hili waziwazi katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, wakati ambapo tayari alikuwa ameshaandika riwaya kwa Kigikuyu. Hadithi fupi mbili tatu za Kiingereza zilimfungulia mwanafunzi mlango ambao maktaba nzima ya Kiswahili haikuweza kumfungulia mzee wa Tanga. Kila ninapoliona tangazo la WhatsApp nalikumbuka hilo, na huniuma.

Si kwamba Waswahili walikuwa wakisubiri Makerere iwafundishe kulea waandishi. Pwani ulezi ulikuwapo zamani, ila haukuwa na fomu ya kujaza. Chukua Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946. Alilelewa na babu yake, Ahmad Basheikh bin Hussein, ambaye alikuwa mshairi. Kaka yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, ndiye mshairi aliyejulikana kama Malenga wa Mvita. Kijana aliyekulia katika nyumba kama hizo alisikia mashairi yakisomwa kabla hajajua kuyaandika. Alihifadhi ya wakubwa, akajaribu yake, akayasoma mbele ya mtu ambaye sikio lake lilinasa mizani iliyopungua papo hapo. Hakuna aliyemwambia amesajiliwa katika programu. Mwaka 1969 Abdilatif alifungwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi chake, Kenya: Twendapi?, na gerezani akaandika kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mle ndani hakuwa na wa kumsikiliza. Naamini kilichomwezesha kutunga mashairi yenye vina na mizani kamili katika hali ile ni kwamba sikio la wazee lilikuwa limeshahamia kwake.

Nchi za Magharibi zilichukua njia nyingine, zikaupeleka uandishi chuo kikuu. Nchini Marekani, warsha ya Iowa ilianza mwaka 1936. Hapa Uingereza, kozi ya uzamili ya Chuo Kikuu cha East Anglia ilianzishwa na Malcolm Bradbury na Angus Wilson mwaka 1970, na mwaka huo wa kwanza mwanafunzi wa hadithi alikuwa mmoja tu, Ian McEwan. Kwa hiyo kozi inayotajwa mpaka leo kama mama wa kozi zote za uandishi nchini humu ilianza, kwa kukosa watu, kama ulezi wa mtu mmoja! Baadaye madarasa yalijaa, watu kumi na kitu wakizunguka meza, kila mmoja akitoa maoni juu ya kazi ya mwenzake. Warsha ina faida zake, sikatai. Hasara yake ni kwamba mwandishi mwenye haya huanza kuandika ili kuwaridhisha kumi na wawili, na kazi inayowaridhisha watu kumi na wawili kwa pamoja aghalabu huwa imepoteza makali.

Kisha ikaja barua pepe, na hapo ndipo habari inapotuhusu moja kwa moja sisi tulio mbali na nyumbani. Mwaka 2001 British Council na Chuo Kikuu cha Lancaster walianzisha mradi ulioitwa Crossing Borders, ukiongozwa na mshairi Graham Mort. Ulianza kwa majaribio nchini Uganda, ukaenea nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na uliendelea hadi mwaka 2006. Utaratibu wake ulikuwa rahisi: mwandishi chipukizi wa Kampala au Nairobi anatuma kazi, mwandishi mzoefu aliyeko Uingereza anaisoma na kumjibu kwa maandishi, kazi inarudi, inarekebishwa, inatumwa tena. Leo hili halishangazi. Wakati ule, kwa kijana ambaye hakuwa na mtu wa kumsomea nje ya marafiki zake, ilikuwa mara ya kwanza mgeni kuichukua aya yake na kuiuliza maswali.

Mradi ule ulifanya mema mengi na nisingependa kuudharau. Hata hivyo ulirithi mlango wa Makerere. Walezi walikuwa Uingereza, kazi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiswahili hakikuwa na pa kukaa.

Aliyeona pengo la upande wa pili ni Goretti Kyomuhendo, mwandishi wa Uganda aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa FEMRITE, jumuiya ya waandishi wanawake wa nchi hiyo, na mratibu wake kwa miaka mingi. Alipohamia London aliunda African Writers Trust, mwaka 2009, kwa lengo la kuwaunganisha waandishi wa Kiafrika walio ughaibuni na wale walio barani. Wazo lile lilibadilisha mwelekeo wa mambo. Mlezi hakulazimika tena kuwa Mwingereza anayemsaidia Mwafrika. Angeweza kuwa Mganda wa London anayesoma kazi ya Mganda wa Mbarara na kujua, bila kuelezwa, kwa nini mama katika hadithi hamtaji mume wake kwa jina.

Naam, mlezi huyo hufanya nini hasa? Watu wengi hudhani kazi yake ni kumtambulisha mtu kwa wachapishaji. Hiyo ni ziada. Kazi yenyewe ni kusoma polepole. Tuseme mwandishi ameleta aya hii: Asha alihuzunika sana aliposikia habari za msiba, machozi yakamtiririka mashavuni, moyo ukamwenda mbio. Mhariri wa gazeti angeweza kuiacha, maana haina kosa la sarufi. Mlezi atauliza: simu ilipolia Asha alikuwa akifanya nini? Mwandishi anafikiri, anajibu kwamba alikuwa akichambua mchele. Je, aliacha kuchambua? Hapana, nadhani aliendelea. Basi andika hivyo. Wiki ijayo aya inarudi: Asha ameshika simu kwa bega, vidole vinaendelea kutoa mawe kwenye ungo, na punje safi zinaanza kwenda upande wa mawe. Neno huzuni limetoka lenyewe, na msomaji ameshajua. Mlezi hakuandika hata sentensi moja. Aliuliza maswali mawili, akasubiri wiki nzima.

Maswali kama hayo hayawezi kuulizwa na mtu asiyejua Kiswahili, na hapa sina mjadala. Unaweza kumtafsiria mtu kisa. Huwezi kumtafsiria mahali sentensi inapochechemea. Mlezi wa Kiingereza hawezi kukuambia kwamba mhusika wako wa Unguja anaongea kama mtangazaji wa redio ya Dodoma, wala kwamba bibi wa Lamu asingemjibu mjukuu wake hivyo. Katika ushairi ndiyo kabisa: vina anaweza kuviona kwa macho, lakini mizani anaihesabu vipi kama hajui silabi zetu zinavyotamkwa?

Sisi wa ughaibuni tuna hitaji jingine ambalo ni nadra kulisema. Kiswahili cha mtu huganda mwaka aliopanda ndege. Aliyeondoka Dar es Salaam mwaka 1998 ana Kiswahili cha mwaka 1998, kizima, kizuri, lakini vijana wa hadithi yake wanaongea kama wajomba wao. Hilo analihitaji mtu aliyeko nyumbani amwambie, mtu anayepanda daladala kila asubuhi na kusikia watu wanavyotaniana leo. Na yeye ana cha kurudisha. Mwandishi wa nyumbani anayemweka mhusika wake Birmingham au Muscat anahitaji mtu wa kumwambia kazi ya zamu ya usiku inafanana na nini, kibali cha kuishi kinachelewa vipi, na watoto wanajibu lugha gani wanaposemeshwa Kiswahili. Ndiyo maana napendelea ulezi wa pande mbili, ambamo kila mmoja ana lake la kumfundisha mwenzake, hata kama mmoja ana vitabu vitano na mwingine hana hata kimoja.

Kuhusu vyombo, tunavyo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umerudisha kitu ambacho barua pepe haikuwa nacho: shairi linaweza kusomwa kwa sauti Toronto na kusikilizwa Tanga jioni hiyohiyo, na msikilizaji akarudisha ubeti mmoja akiusoma yeye ili mtunzi asikie unapokwama. Tuzo nazo zipo. Ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell iliwapa waandishi wa Kiswahili nafasi ya kushindania fedha kwa miswada ambayo haijachapishwa, na kuitafutia mchapishaji. Ila tuzo humkuta mwandishi amemaliza. Anayehangaika na sura ya nne saa tano usiku, baada ya zamu hospitalini, tuzo haimfikii.

Watu wa kumfikia wapo, tena wengi kuliko tunavyodhani. Walimu wa Kiswahili waliostaafu, waandishi wenye kitabu kimoja au viwili, watangazaji wa zamani wa idhaa za Kiswahili za London na Bonn ambao maisha yao yote wamehariri sentensi za watu kwa saa. Wengi wao hawajawahi kuombwa. Ukiamua kuomba, usitume riwaya nzima. Tuma kurasa tano, na useme ni kipi kinachokusumbua ndani yake. Shikamoo, naomba unisomee, haitoshi. Kubalianeni idadi ya kurasa, mara ngapi kwa mwezi, na mwisho wake lini, ili asijione amefungwa maisha. Kama anatoza fedha, uliza atasoma nini kwa fedha hizo, na kama anaahidi kitabu kitachapishwa, achana naye. Jambo lisilojadiliwa vya kutosha ni hili: mpe nafasi ya kukataa. Mtu mzima mwenye heshima zake atashindwa kukuambia hapana, atakuambia tutaangalia, na miezi itapita. Mwambie wewe mwenyewe, mwanzoni kabisa, kwamba usipopata jibu mpaka mwisho wa mwezi utaelewa, na utamwomba mwingine.